Chungu, Jiwe na Nasaba

Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ya mambo ya kale iliniomba niifasirie vibandiko vya kabati la maonyesho. Kazi ilikuwa ndogo na ujira wake mdogo zaidi, lakini mshairi hajui kuikataa kazi ya maneno. Ndani ya kabati mlikuwa na vitu vya namna mbili. Upande wa kulia, juu ya kitambaa cheusi, vilipangwa vipande vya sahani za Uchina na bakuli za Uajemi, kila kipande na kibandiko chake: kimetoka wapi, cha karne gani, rangi yake ni ya namna gani. Upande wa kushoto vilirundikwa vigae vyekundu na vyeusi, vimechorwa mistari na pembetatu kwa ncha ya kijiti, na vyote kwa jumla vilipewa kibandiko kimoja. Kwa Kiingereza kilisema kuwa hivyo ni vyombo vya jikoni vya zama za awali.

Nilikaa na kibandiko hicho kuliko vingine vyote. Kwetu chombo hakiitwi kwa chumba kinamowekwa. Chungu ni chungu na mtungi ni mtungi. Kibia hufunika chungu na pia hupakuliwa chakula. Waja ni wa kuchomea mkate. Chetezo, ambacho nacho ni udongo uliochomwa, hukaa chumbani kwa bibi harusi. Bibi yangu aliyenilea alikuwa na mtungi uliokaa ukumbini penye upepo, na mgeni akifika, maji ya mtungi huo ndiyo yaliyotangulia kumkirimu. Katika vigae vile niliona shingo ya mtungi, imechorwa na mkono usiokuwa na haraka. Nikaandika: "Vyungu na mitungi ya watu wa mwambao." Mkubwa wa ofisi akapiga mstari mwekundu na kuniambia, kwa upole wa mtu mwenye shughuli nyingi, "Maalim, wewe fasiri kama ilivyo."

Mimi si maalim. Elimu yangu ni ya kuokota, kitabu hapa na kitabu pale. Lakini neno lile, "kama ilivyo," lilinipeleka katika vitabu vya wachimbuzi wa pwani, na nikakuta kwamba jina la vigae vile halikuwa uzembe wa karani. Lilikuwa na historia yake, na historia hiyo ni sehemu ya namna elimu ya akiolojia ilivyoingiwa na ubaguzi wa rangi, na namna ilivyojaribu, kwa taabu na kwa kuchelewa, kuutoa.

Tuanze Gedi, karibu na Malindi. James Kirkman alifika huko mwaka 1948, akaondoa vichaka, akachimba jumba na misikiti kwa muda wa miaka kumi. Alikuwa mchapakazi, na anayetembea leo katika magofu yale chini ya mibuyu anatembea katika njia alizozifungua yeye. Mwaka 1964 alitoa kitabu juu ya watu na majengo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na humo alitoa hukumu ambayo imenukuliwa tangu hapo na kila anayeandika juu ya jambo hili: kwamba majengo haya si mali ya Waafrika bali ni ya Waarabu na Waajemi waliogeuka Waarabu, ambao damu yao ilichanganyika na ya Waafrika lakini utamaduni wao ukabaki mbali kabisa na wa jirani zao. Tazama ujanja wa sentensi hiyo, ambao nadhani mwenyewe hakuujua kuwa ni ujanja. Anakubali damu ilichanganyika. Hawezi kukataa, watu anawaona kwa macho yake. Kisha anauokoa ukuta kwa kusema utamaduni haukuchanganyika. Mama anakubaliwa kuzaa, hakubaliwi kujenga.

Kilwa Kisiwani alikuwapo Neville Chittick, mtu wa kiwango kingine cha usomi. Aliwahi kuwa mhifadhi wa mambo ya kale Tanganyika, kisha tangu mwaka 1961 akawa mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya akiolojia na historia katika Afrika Mashariki. Alichimba Kilwa katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 akatoa juzuu mbili kubwa ambazo hakuna anayeweza kuandika juu ya Kilwa bila kuzifungua. Jina la kitabu chenyewe laiita Kilwa mji wa biashara wa Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki. Kila neno la jina hilo ni kweli. Lakini mtu akiuita mji kwa dini yake na biashara yake, na Afrika ikabaki kuwa pwani ya kufikia tu, msomaji anajua tayari ni nani ataonekana katika kurasa zinazofuata.

Na humo ndimo nilimokikuta kibandiko changu. Sehemu kubwa ya vigae alivyovichimbua Chittick vilifinyangwa papa hapa mwambaoni, na katika tabaka za chini kabisa wingi huo ulizidi. Alivihesabu, alivichora, alivipiga picha. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kuvificha. Vile vya mwanzo akaviita vyombo vya jikoni vya zama za awali. Kisha akavitumia vyombo vya kigeni kuipa tarehe kila tabaka, kwa kuwa hivyo vinajulikana vilichomwa lini na wapi. Kwa kazi ya tarehe hilo ni halali. Kigae cha Uchina ni kalenda nzuri. Kosa liliingia pale kalenda ilipogeuzwa kuwa mwenyeji wa nyumba. Bakuli moja la Uajemi likaweza kuuambia ulimwengu nani aliishi katika chumba kile, ilhali vyungu mia vilivyolizunguka viliweza kusema tu kwamba palikuwa na mtu aliyepika.

Kwa insafu niseme kwamba Chittick hakuwa mtu wa kukariri. Katika makala yake ya mwaka 1965 alipinga dhana kwamba Washirazi wa Kilwa walitoka Uajemi moja kwa moja. Aliona walishuka kutoka Banadir, pwani ya Wasomali, na akaisogeza mbele tarehe ya kutawala kwao hadi mwisho wa karne ya 12. Aliisahihisha hadithi ya wageni kwa wageni waliokaa karibu zaidi. Swali lenyewe, "walikuja akina nani?", hakuliuliza upya.

Na ushahidi wa kuliuliza upya ulikuwapo rafuni. Ibn Battuta alishuka Kilwa mwaka 1331, akaandika kuwa wengi wa wakaazi wake ni Wazanji, weusi sana, na akausifu mji kwa uzuri na sultani wake kwa ukarimu. Sultani huyo, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya mwamba ukitazama bahari. Wachimbuzi wote waliisoma khabari hiyo na kuinukuu. Waliinukuu palipo na jumba. Palipo na Wazanji walipita haraka.

Hapa yanibidi nivuke kwenda kusini, kwa kuwa dhahabu ya Kilwa ilivuka hivyo hivyo. Utajiri wa al-Hasan ulitegemea bandari ya Sofala, na dhahabu ya Sofala ilitoka katika nyanda za juu ambako upo mji wa mawe wa Zimbabwe Kuu. Katika magofu yake iliokotwa sarafu moja ya shaba yenye jina la sultani huyo huyo. Miji hii miwili ilijuana ilipokuwa hai, na ilipokufa ilipatwa na msiba mmoja.

Ila kule msiba ulikuwa wazi zaidi. Theodore Bent alichimba mwaka 1891 kwa msaada wa kampuni ya Cecil Rhodes, na alipokosa dalili za wageni hakukosa kuwataja wageni. Richard Hall, aliyekabidhiwa magofu mwaka 1902 ili ayatunze, alifukua tabaka za udongo zilizokuwa na vitu vya wenyeji na kuzitupa, akiamini ni takataka za watu waliokuja nyuma, ili aufikie mji wa "kweli" uliokuwa chini. Ukurasa ulichanwa ili kutafutwa kitabu. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema kazi hii ni ya Waafrika na ni ya zama za kati; mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akachimba tena, kwa uangalifu mkubwa zaidi, akasema hivyo hivyo. Kwa wanaakiolojia shauri lilikwisha hapo. Kwa walowezi halikwisha, kwa sababu haikuwa hoja ya vigae. Aliyekubali kuwa babu wa mtumishi wake alijenga ule ukuta ilimpasa afikirie upya nani mgeni katika nchi ile.

Peter Garlake aliingia katika tume ya majengo ya kale ya Rhodesia mwaka 1964. Serikali ya Ian Smith ilitaka vitabu vya wageni na maelezo ya watalii yasiseme waziwazi kwamba Waafrika ndio waliojenga. Garlake hakukubali, na mwaka 1970 akaondoka nchini. Kitabu chake juu ya Zimbabwe Kuu kilitoka mwaka 1973. Mwaka 1980 nchi nzima ikachukua jina la magofu.

Wasomaji wa visiwani huenda hawajui kwamba Garlake huyo huyo aliwahi kuandika juu yetu. Mwaka 1966 alitoa kitabu cha usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani, kitabu cha mihirabu, milango na vipimo vya vyumba, na michoro yake ingali inatumika hadi leo. Nimekipekua mara nyingi. Ni kitabu cha mawe. Mtu aliyepoteza kazi na makazi kwa kuutetea ukuta wa Waafrika kule bara, hapa pwani aliutazama ukuta kwa jicho walilolitumia wenzake wa siku hizo. Simlaumu. Namtaja kwa sababu kisa chake chatuonyesha kwamba ubaguzi wa Rhodesia ulikuwa rahisi kuujua kuliko wetu: ule ulikuwa na waziri na polisi, huu wa kwetu ulikuwa na adabu na faharasa.

Tena ulikuwa na washirika miongoni mwetu. Nani hakusikia kwa wazee kwamba majumba haya yalijengwa na Wadebuli, au na Washirazi waliokuja kwa majahazi saba? Kirkman angaliweza kujitetea kwamba alikisikiliza kisa cha wenyeji wenyewe. Lakini mtu akisikia neno si kwamba amelifasiri sawa. Mzee wa Tumbatu au wa Pate anaposema "sisi asili yetu Shirazi," anazungumzia nasaba. Nasaba hutaja babu mmoja kati ya mamia na kumweka juu kwa heshima yake, kwa dini yake, kwa haki ya ardhi. Haisemi wengine hawakuwapo. Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yasimulia kwamba yule mwana wa Shirazi alipofika kisiwani alimkuta Muislamu na watu wake, na msikiti. Na kisiwa kilikuwa na mwenyewe, kafiri, aliyekiuza kwa nguo zenye kukizunguka. Katika simulizi ya Kiswahili iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1907, mgeni anamwoa binti wa mwenyeji. Basi hadithi yenyewe ilikwisha kutuambia: palikuwa na watu, palikuwa na msikiti, palikuwa na mkwe. Wazungu waliisoma hadithi ya ndoa wakaifasiri kuwa hadithi ya uvamizi; wakalichukua neno nasaba wakalitia katika kisanduku cha rangi.

Na kisanduku hicho hakikubaki vitabuni. Sensa za kikoloni Unguja na Pemba ziliwataka watu wajiandike Mwarabu, Mshirazi, Mswahili au Mwafrika, na hesabu zikapanda na kushuka kutoka sensa moja hadi nyingine kana kwamba watu walikuwa maji ya bahari. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili hata mgao wa chakula ulifuata makundi hayo, na wako waliobadili asili yao kwa ajili ya pishi ya mchele. Kufikia miaka ya 1950 suala la nani alijenga na nani alikuja lilikuwa limepanda jukwaani, na Januari 1964 lilidaiwa kwa damu. Sisemi chungu cha Kilwa kilimuua mtu. Nasema kwamba kizazi kilichosoma shuleni kuwa kila jiwe lililosimama ni la mgeni kilipewa silaha mbili kwa mkupuo mmoja: mmoja akapewa kiburi ambacho hakukichuma, na mwingine akapewa chuki dhidi ya ukuta alioujenga babu yake.

Mabadiliko yalianza pale watu walipoinama. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, mji uliokufa mwanzoni mwa karne ya 15. Juu ulikuwa na msikiti wa mawe, kama miji mingine. Alichimba chini ya msikiti. Akakuta chini yake msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, hadi akafika kwenye mashimo ya nguzo za miti, alama za misikiti midogo ya karne ya 8, kila mmoja umejengwa mahali pa uliotangulia. Na kutoka chini hadi juu, katika karne zote hizo, vyungu ni vile vile: vinabadilika mdomo, vinabadilika mapambo, kidogo kidogo, kama lafudhi inavyobadilika kutoka kwa mama kwenda kwa mwana. Hakuna mahali ambapo watu wa vyungu walikatika wakaja wengine. Waliojenga kwa miti ndio waliokuja kujenga kwa matumbawe.

Anayewajua mafundi wetu hatashangaa. Jiwe la kuchonga mhirabu hukatwa baharini likiwa bichi na laini, kisha huachwa likauke. Chokaa huchomwa kwa rundo la magogo na matumbawe, na mchomaji akikosea upepo amepoteza mwezi mzima. Boriti ya mkoko ndiyo inayoamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba. Elimu hii haishuki merikebuni ikiwa imekwisha iva. Hukaa na watu wanaoijua miamba yao, maji yao na mikoko yao.

Wakati huo huo vigae vya jikoni vilianza kupewa majina mapya. George Abungu alivifuata katika bonde la Mto Tana. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako akiolojia ilianza kufundishwa mwaka 1985, alitoa tasnifu yake mwaka 1994 kule Uppsala, Uswidi, na ndani yake alivionyesha vigae vyenye pembetatu za kuchorwa si pwani tu bali ndani ya bara, na akaviunganisha na vyungu vya wafua chuma na wakulima wa karne za kabla. Abdurahman Juma wa Zanzibar alichimba Unguja Ukuu, na tasnifu yake ikatoka mwaka 2004. Baadhi ya kazi hizi zilipata msaada wa mradi wa Waswidi juu ya chanzo cha miji ya Afrika Mashariki, ambao ulifanya jambo ambalo taasisi za zamani hazikulifanya: uliwasomesha wenyeji wawe wachimbuzi wenye kutia saini, si wabeba karai.

Wasomi hawa hawakukubaliana hata juu ya jina. Horton alivinasibisha vigae na Tana, na akaona mkono wa wafugaji wa Kikushi katika mwanzo wa miji. Chami aliviita kwa pembetatu zake na akashikilia kuwa ni kazi ya wakulima wa Kibantu. Walibishana kwa miaka, na maneno mengine yalikuwa makali. Mimi mshairi nilifurahi kuusoma ugomvi ule. Jina la mto na jina la nakshi, lolote litakaloshinda, yote mawili yamekitoa chungu jikoni. Chungu kimekuwa na nchi, na kimekuwa na mkono uliokichora.

Bado lakini mawe yalikuwa na deni jingine. Mji wa Waswahili haukuwa wa mawe tu. Wengi waliishi katika nyumba za fito na udongo, na wachimbuzi wa kale hawakuzichimba kwa kuwa hazisimami. Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walikwenda Pemba kuwatafuta wengi hao, wakachimba Tumbe na kwingineko ambako juu ya ardhi hapaonekani kitu ila mihogo na vigae. Baadaye Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walichimba Songo Mnara, jirani ya Kilwa, na humo, ndani ya mji wenye majumba ya kifahari, wakazikuta nyumba za udongo. Kuuliza juu ya nyumba hizo ni kuuliza juu ya wachomaji chokaa, wavuvi, watumwa pia, ambao historia ya mawe iliwasahau mara mbili: mara ya kwanza kwa rangi, mara ya pili kwa umaskini.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Kisha Machi 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wamezikwa katika miji ya mwambao kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kuwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na khasa kwa upande wa kina mama; na sehemu kubwa ya upande wa kina baba ni ya Asia, Uajemi ikitangulia na India ikifuata kidogo. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500 asili ya Arabuni ikazidi.

Siku chache baada ya hapo nilisikia barazani sauti mbili. Moja ilicheka: "Si tuliwaambia?" Nyingine ilinuna na kusema Wazungu wameanza tena. Zote mbili, kwa maoni yangu, zilikuwa zingali ndani ya kisanduku cha sensa. Yako mambo mawili yanayostahili kutazamwa kabla ya kucheka au kununa. La kwanza ni tarehe: misikiti ya miti ya Shanga na vyungu vyake ni vya karne ya 8, na miji ilikuwa imekwisha simama kabla ya mchanganyiko huo wa mwaka 1000. La pili ni makaburi: wengi wa waliopimwa walizikwa mahali pa heshima, karibu na misikiti, katika makaburi ya wenye nacho. Waliozikwa pembeni, wa nyumba za udongo, hawakuhesabiwa sana hapa pia. Jiwe limepata tena nafasi ya kusema mwanzo.

Lakini utafiti huo una jambo ambalo Kirkman hangelifikiria. Mmoja wa viongozi wake ni Chapurukha Kusimba, Mkenya ambaye tangu mwaka 1999 alikwisha andika kitabu kizima kuonyesha miji hii ilivyokua kutoka hapa hapa. Matokeo haya hayakumpendezesha mtu wa kambi yoyote, na yeye hakuyaficha. Tena wenyeji waliombwa ruhusa, na mifupa, baada ya kuchukuliwa kipande kidogo, ilirudishwa makaburini. Nimesoma vitabu vya wachimbuzi wa miaka ya 1950 na 1960 ambamo maiti wa Kiislamu anatajwa kama kikombe kilichovunjika. Mtu anayekirudisha kichwa cha maiti kibla chake, kisha akasema kwa ukweli alichokiona, huyo nitamsikiliza hata akiniambia nisichokipenda.

Linalobaki kuniudhi ni lugha. Vitabu nilivyovitaja hapa aghalabu ni vya Kiingereza, na bei ya baadhi yake inazidi mshahara wa mwezi wa mwalimu wa skuli. Hoja kwamba historia hii ni yetu imejengwa, na imejengwa vizuri, katika lugha ambayo mchoma chokaa wa Makunduchi hawezi kuisoma. Maelezo anayoyapata yeye ni vibandiko, na vibandiko vinafasiriwa kama vilivyo.

Mwaka jana alinijia binti mmoja mwanafunzi, mwenyeji wa Pemba, anatayarisha orodha ya vigae kwa ajili ya tasnifu yake. Ameamua kila umbo aliite kwa jina la Kiswahili, na alikwisha kwenda kwa wafinyanzi wanawake wa kijiji chao kuwauliza. Alikwama kwenye vipande viwili vya midomo mipana. Akaniuliza, "Babu, kibia na mkungu vinatofautianaje?" Niliona haya kumwambia sijui. Nikampigia simu dada yangu, naye akamwuliza jirani yake anayeuza vyungu sokoni, na wawili hao wakaanza kubishana huku simu ikiwa wazi. Binti yule alitoa daftari akaandika yote waliyoyasema, hata matusi.